Gauni la Roketi

Habari aliileta Brigita, jirani wa ukuta mmoja, akiwa na ndoo tupu mkononi kana kwamba alikuwa anapita tu kwenda bombani.

"Mama Fidel, umesikia? Digna anaishonea roketi gauni."

Levina alikuwa anamnyonyesha Fidel, mtoto wa miezi mitano. Hakuinua kichwa. "Roketi gani tena?"

"Ya wale vijana waliopanga ghala la mpunga, njia ya Kiberege. Gauni lenyewe mita arobaini! Wengine wanasema wala si gauni, ni sanda. Kuna kitu wanakwenda kukizika huko juu."

"Watu wanazikwa juu siku hizi?"

"Mimi sijui, nimesikia tu. Ila gari linamfuata mpaka mlangoni, dada. Linamchukua, linamrudisha."

Sanda ilikuwa uongo. Gari lilikuwa kweli, na la gari ndilo lililomchoma Levina.

Yeye na Digna walijifunza cherehani kwa fundi mmoja pale Lipangalala, wote wakiwa wamemaliza darasa la saba. Digna alikuwa ndiyo kwanza ameteremka kutoka Mahenge, miguuni kavaa viatu vya kaka yake. Alikata kitambaa kwa macho bila kupima, akaharibu, akacheka, akakata kingine. Wateja walimpenda hivyohivyo. Mtu alikwenda kulalamika kuwa kola imepinda, akarudi nyumbani na kola yake imepinda vilevile, mbavu zinamuuma kwa kucheka. Aliyekuwa na mkono wa kushona ni Levina. Kwaya ilipotaka sare, blauzi zote thelathini zilishonwa na Levina, lakini siku ya shukrani kanisani lilitajwa jina la Digna, kwa kuwa ndiye aliyezipeleka.

Hata walipopanga baraza moja na kuweka cherehani zao bega kwa bega, ikawa hivyohivyo. Na wale vijana walipopita kutafuta fundi, Levina alikuwa ndani na kichanga cha wiki mbili. Barazani walimkuta Digna peke yake.

Jioni ile Digna mwenyewe alikuja kumsimulia bila kuulizwa. Kiongozi wao ni kijana Msukuma anaitwa Masalu. Kampuni ni yao wenyewe, si ya serikali. Wanataka siku moja roketi yao ndogo ipandishe satelaiti zenye ukubwa wa boksi la sabuni, za kutazama mafuriko na mashamba. Kwa sasa wanarusha za majaribio, na kila moja lazima irudi chini taratibu, inaning'inia kwenye mwamvuli wa nailoni, ili vipimo vilivyomo ndani visivunjike. Mwamvuli ukichanika, miezi sita ya kazi imekwisha.

"Na mwamvuli ni mimi," alisema Digna, akijipiga kifua. "Mimi, mtoto wa mzee Evarist!"

Levina alicheka naye. Lakini tangu siku hiyo alianza kumchunguza. Aliona kuwa kitambulisho cha kampuni Digna alikivaa shingoni hata akienda kununua nyanya. Aliona kuwa watu waliompita Digna bila kumjali mwaka jana sasa wanavuka barabara kumsalimia. Fidel akilia, Levina alimpakata, akambusu utosini, na moyoni akahesabu: wiki mbili. Wangechelewa wiki mbili tu, wangenikuta mimi.

Siku moja kabla ya jaribio umeme ulikatika ghalani, na cherehani yao ni ya umeme. Digna akauleta mwamvuli barazani aumalizie kwa cherehani yake ya mguu. "Mama Fidel, nishikie kitambaa huku, kisiburuzike chini."

Levina akashika. Kitambaa kilipita mikononi mwake, chepesi, cha rangi ya chungwa, na vidole vyake vikasoma mshono kama vilivyozoea.

Sasa, mafundi wa Ifakara wana tabia moja. Ubavu wa gauni wanaushona kwa hatua ndefu, tundu la sindano mbali na tundu, kwa sababu mpunga ukishavunwa watu wananenepa na gauni linarudi kupanuliwa. Ikifika Februari ghala halina kitu, wanakonda, linarudi kubanwa. Mshono mfupi unamtesa fundi kuufumua. Digna alikuwa ameshona mishono kumi na mmoja kwa hatua fupi zinazohimili kuvutwa, kama alivyoagizwa. Wa kumi na mbili, ule wa kufunga duara, mkono wake ulirudi nyumbani. Aliushona kama ubavu wa gauni.

Levina aliuona. Aliupitia kwa kidole gumba kutoka juu mpaka chini.

"Unaonaje?" Digna aliuliza.

"Umekaa vizuri."

Kesho yake alimfunga Fidel mgongoni akapanda bodaboda mpaka kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, akijiambia anakwenda kutazama tu kama watu wengine. Roketi yenyewe haikumzidi urefu. Ilinguruma, ikapanda, ikawa nukta, ikapotea. Mtoto aliruka mgongoni kwa mshtuko. Kisha rangi ya chungwa ikachanua juu, na wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele vilikuwa havijaisha mwamvuli ulipopasuka kwa mstari mmoja, juu mpaka chini, na roketi ikaja ikachomeka kwenye mabua ya mpunga.

Furaha ilimpita Levina kama umeme. Alipotaka kuishika tena, hakuiona. Masalu alikuwa anafuta miwani yake kwa shati, hakumgombeza mtu. "Tunarudia na roketi ya akiba baada ya wiki mbili," aliwaambia wenzake. "Mwamvuli ukishindwa tena, kazi ya kushona tunaipeleka Dar." Digna alikuwa amesimama karibu, kitambulisho chake amekificha kiganjani.

Siku ya tatu Digna akaja. Alikaa kwenye mkeka, akampakata Fidel, akatandaza kipande kilichochanika.

"Wao wanasema nailoni ni mbovu. Nimewaambia hapana, ni mkono wangu wa magauni." Akamwinulia Levina macho. "Ule mshono uliuona, mama Fidel."

Levina alikunja nepi, akaikunjua, akaikunja tena. "Niliuona."

"Ukataka nini?"

"Wajue huna mkono. Mwenye mkono ni mimi."

Digna hakukasirika. Fidel alimshika pua, naye akamwachia aivute. "Nani amekataa? Siku walipokuja waliniuliza kama kuna fundi mwingine hapa mjini. Nikasema hakuna. Cherehani yako ilikuwa hapo pembeni yangu, nimeifunika kwa kitenge."

Levina alihisi masikio yanamwaka moto. Alitaka kumnyang'anya mtoto. "Umeniambia leo kwa nini?"

"Kwa sababu nikishona peke yangu mwamvuli utachanika tena, na mimi sitaki kurudi kwenye kola." Digna alikunja kile kipande taratibu, akakiweka mapajani mwa Levina. "Jumatatu twende wote ghalani, na mtoto. Nitamtajia Masalu jina lako, unasikia. Halafu ushone wewe, mishono yote kumi na miwili, mimi nikushikie kitambaa."