Nguzo Nne za Ghorofa ya Pili

Kwenye fomu ya kuomba kazi, swali la kumi na moja liliuliza kama mwombaji anaogopa kufanya kazi mahali pa juu. Binti yangu alijibu maswali kumi ya mwanzo bila kuinua kichwa. Alipofika hapo kalamu ikasimama. Mimi nilikuwa ng'ambo ya meza, namenya viazi.

"Mama, hapa niandike nini?"

"Andika hapana."

"Lakini naogopa. Unajua kwamba naogopa."

"Kila mtu ana hofu yake. Hakuna anayeiandika kwenye fomu."

Akaandika hapana, kwa mwandiko ule safi aliourithi kwa baba yake. Naanza na jambo hili kwa sababu wanaosimulia habari za mwanangu siku hizi hawalijui, na kwa sababu baadhi yao, akiwemo wifi yangu mwenyewe, wameshaamua kwamba aliondolewa kazini kwa wizi wa saruji. Hakuna aliyeiba saruji. Kilichotokea ni hiki.

Marehemu mume wangu alikuwa mpima ardhi. Kwa miaka thelathini na moja alipima mashamba na viwanja, na hakuna mpaka wake hata mmoja uliowahi kupimwa upya ukakutwa umekosewa. Majirani waliokuwa hawasemezani walikubali kila mmoja kubaki upande wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyesimika jiwe. Hilo ndilo jina alilotuachia. Nyumba yenyewe ni ya kawaida tu. Kitinda mimba wetu alipohitimu uhandisi wa majengo nilitembea mtaani nimenyoosha shingo, sikatai. Na baada ya miezi saba ya kukaa bure nyumbani, alipopata kazi ya kusimamia ujenzi wa bweni la wasichana, vitanda mia moja na ishirini, nilihakikisha kwamba kila aliyestahili kujua amejua.

Alipofika kazini, jengo lilikuwa tayari limepanda, na sakafu ya ghorofa ya pili imeshamwagwa zege. Ngazi za kudumu zilikuwa bado. Watu walipanda kwa ngazi za mbao, moja hadi ghorofa ya kwanza, nyingine hadi ya pili, na hiyo ya pili iliegemezwa ukingoni kabisa, pasipo ukuta wala kamba ya kushikilia. Siku ya kwanza alipanda vijiti vitatu vya ngazi ya chini, akasingizia simu inaita, akashuka. Hakupanda tena.

Huku chini, hata hivyo, hapakuwa na wa kumshinda. Aliurudisha mchanga wa lori zima kwa sababu ulikuwa na udongo. Alisimama kwenye mashine ya kuchanganyia zege akihesabu maji kwa ndoo, na mafundi waliozoea kuongeza ndoo moja ili kazi iwe laini wakaacha. Wakampa jina: Injinia wa Chini.

Aliyelitangaza zaidi jina hilo alikuwa nyapara, mtu wa makamo, mwenye sauti inayofika mahali kabla yake. Kila asubuhi alimwamkia mwanangu, binti wa rika la watoto wake, mbele ya watu wote.

"Shikamoo, injinia!"

Mwanangu hakujua aitikie au anyamaze. Akinyamaza, anaringa, akiitikia, vibarua wote wanaangua kicheko.

"Huku juu kuna upepo mzuri, mkubwa wetu. Leo unakuja?"

"Nakuja."

"Anakuja! Jamani, mtandikieni zulia!"

Sasa, utaratibu wa pale ulikuwa huu. Kabla zege halijamwagwa kwenye nguzo, msimamizi anapima nondo zilizo ndani, kisha anasaini kitabu cha ukaguzi. Nondo zinasimama wima, na zinafungwa pamoja na ringi, yaani pete za chuma zinazozizunguka kuanzia chini hadi juu. Kwenye mchoro, ringi zilitakiwa kukaa kila baada ya sentimita kumi na tano. Ghorofa ya pili ilikuwa na nguzo kumi na mbili. Nane zilifungwa chini, juu ya magogo, na mwanangu alizipima ringi moja baada ya nyingine kabla hazijavutwa juu kwa kamba. Nne za mwisho fundi nondo alizifungia huko huko juu.

Jumanne asubuhi mashine ya zege ilikuwa inazunguka tayari. Nyapara akamletea kitabu.

"Bado nne sijaziona," mwanangu akasema.

"Ni zile zile, injinia. Fundi yule yule, chuma kile kile. Zege linaganda. Au unataka nikubebe mgongoni?"

Watu wakacheka. Mwanangu aliitazama ngazi. Akasaini.

Siku ya pili yake fundi nondo, mtu mpole ambaye siku zote alimwita mwanangu "mwalimu", alimfuata stoo. "Mwalimu, ringi mpya zimefika. Zingefika juzi, tusingezifunga mbali mbali zile nne."

"Mbali mbali kivipi?"

"Sentimita thelathini. Ziliisha, nyapara akasema nizitawanye tu. Si alisema wewe umekubali? Nikaona umesaini."

Mwanangu alitoka stoo. Alikuja moja kwa moja nyumbani. Aliingia na buti zake zenye matope mpaka katikati ya sebule, jambo ambalo hajalifanya tangu azaliwe, na kabla hajasema neno nikajua kuna balaa.

Aliponimalizia habari yote, nilimuuliza swali moja. "Nani mwingine anajua?"

"Fundi na nyapara."

"Basi nyamaza. Nyapara hatasema, atakuwa anajitia kitanzi. Omba uhamisho. Sema unaumwa. Jina la baba yako halitaandikwa kwenye barua ya kufukuzwa kazi."

"Mama, Jumamosi wanamwaga sakafu ya ghorofa ya tatu juu ya nguzo hizo. Baada ya hapo hazivunjiki bila kuvunja jengo."

"Nimekwambia nyamaza."

Aliinuka, akachukua ufagio wa njiti nyuma ya mlango, akachomoa njiti kama kumi na tano, akazifunga kwa uzi wangu wa cherehani, fundo baada ya fundo, karibu karibu. Akalisimamisha fungu lile mezani. "Weka kiganja juu ubonyeze."

Nikabonyeza. Halikutetereka.

Akachukua mkasi, akakata fundo moja, akaacha moja, akakata moja, akaacha moja. "Bonyeza tena."

Njiti zikatanuka katikati kama tumbo, moja ikavunjika ikanichoma kiganja.

"Njiti ni nondo," akasema. "Uzi ni ringi."

"Kwa hiyo bweni litaanguka?"

"Sijui. Pengine litasimama miaka hamsini. Pengine litasimama mpaka siku wasichana wote wamejaa juu. Hicho ndicho kinachoniua, mama. Sijui. Sikupima."

Katika nyumba ile, kwa miaka yote niliyoishi na baba yake, sikuwahi kusikia mtu akitamka neno hilo. Nilitazama damu kidogo iliyotoka kiganjani. Hofu niliyokuwa nayo mpaka dakika ile ilikuwa ya maneno ya watu, na ilikuwa kubwa. Hii iliyoingia sasa ilikuwa ya vile vitanda mia moja na ishirini.

"Kesho utapima," nikamwambia.

"Zege limeshafunika. Itabidi nipande, nichimbue kwa tindo. Siwezi kupanda, mama."

"Nitakuja nawe."

"Usije. Watanicheka."

"Watakucheka hata nisipokuja."

Alhamisi saa mbili tulikuwa getini. Nilivaa kama ninayekwenda ofisini kwa watu. Mlinzi alinipa kofia ngumu iliyonifika masikioni, na nyapara hakuchelewa.

"Jamani, leo injinia kaletwa na mzazi! Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikaitika, ingawa ni rika langu kabisa, na kwa mara ya kwanza kicheko kikaenda upande mwingine.

Mwanangu alikuwa ameshika nyundo na tindo. Nyapara alipoviona, uso ukambadilika. "Unakwenda wapi na hivyo? Nguzo zimeshakuwa jiwe zile. Ukizigonga utaziharibu, na nitaandika kwamba umeziharibu wewe."

"Andika."

Ngazi ya kwanza aliipanda amefumba macho nusu, nasi wengine tukamfuata hadi ghorofa ya kwanza. Kwenye ya pili, kijiti cha sita, alisimama. Kutoka chini yake niliiona soli ya buti lake ikitetemeka, na vumbi likidondoka kutoka kwake likinijia usoni. Kazi zote zilikuwa zimesimama. Mtu mmoja akaita, "Injinia wa Chini, umefika katikati!" Mwanangu alikuwa ameikumbatia ngazi, shavu limegandamana na mbao. Hakupanda, hakushuka.

Ningetamka neno moja tu, angeshuka. Niliwaza kwamba mimi ndiye niliyemwandikisha uongo, na sasa nimemleta hapa auawe na uongo wenyewe. Nilikamata miguu ya ngazi kwa mikono miwili, kana kwamba ningeweza kumdaka.

Fundi nondo alipenya watu akapanda nyuma yake. Nilimsikia akisema taratibu, "Mwalimu, achia mkono wa kulia. Huo huo. Shika cha juu. Sasa mguu." Kama anayemfundisha mtoto kusimama dede. "Wa kushoto. Haya. Tena wa kulia."

Wakapotea ukingoni. Kisha nyundo ikaanza. Ilipiga, ikanyamaza, ikapiga tena mahali pengine. Nyapara alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mwanangu alitokeza ukingoni kwa magoti, kama anayetambaa, tepu mkononi.

"Nguzo zote nne," akasema kwa sauti kubwa kupita nilivyowahi kumsikia. "Thelathini. Moja ina thelathini na mbili."

Nyapara akainuka. "Injinia, shuka tuongee. Shuka, mwanangu. Tutaziba hivyo vitundu kwa plasta, nani ataona? Jumamosi tunamwaga, yanaisha."

Hakushuka. Baadaye aliniambia alijua kwamba akigusa ardhi angebadili mawazo. Alitoa simu akampigia mhandisi mkuu wa mradi akiwa huko huko juu, amepiga magoti, na upepo ukatuletea kila neno.

"Ndiyo, saini ni yangu... Hapana, sikuzipima... Sikupanda... Kwa sababu naogopa kupanda, mheshimiwa. Niliogopa tangu siku ya kwanza."

Kijana mmoja alianza kucheka, mwenzake akamsukuma bega akanyamaza.

Mhandisi mkuu alifika kabla ya saa sita. Ni mtu mkavu, hakupoteza maneno. Alipanda, akatazama, akashuka. Nyapara aliambiwa akusanye vitu vyake. Alipopita karibu nami akiwa na buti zake mkononi aliniambia, "Umemharibia mwanao kazi, mama." Jambo hilo hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza.

Kwa mwanangu mhandisi mkuu alisema, "Zitavunjwa, zijengwe upya. Wewe utasimama juu mpaka ringi ya mwisho. Kisha utaondoka kwenye mradi wangu. Anayesaini asichokiona simhitaji, hata akija kuniambia mwenyewe."

Zilikuwa siku kumi na moja. Kila asubuhi mwanangu alitapika nyuma ya nyumba kabla ya kuondoka, nami nilisimama nimeshika kikombe cha maji ya kusukutulia. Hofu haikumtoka. Anayedhani mtu akipanda mara moja basi amepona, hajawahi kuogopa kweli. Alipanda akitetemeka, akapima akitetemeka, akashuka akitetemeka. Siku ya kumi na moja alisaini kwenye kitabu, akarudisha kofia stoo.

Barua aliyopewa ina mistari sita. Inasema kwamba alikiri kusaini ukaguzi bila kukagua, kwamba aligundua na kutoa taarifa ya kasoro mwenyewe, na kwamba mkataba wake umesitishwa. Nimeisoma mara nyingi mno. Hakuna neno saruji ndani yake, na yeyote anayetaka kuiona aje nyumbani, aanze wifi yangu.

Wiki iliyopita aliitwa kwenye usaili kampuni nyingine. Nilimkuta asubuhi anapanga faili, ameiweka barua ile juu kabisa, juu ya cheti cha chuo.

"Wakiisoma hiyo hawatakuchukua," nikamwambia.

"Pengine."

"Basi iweke hata chini ya vyeti."

"Watauliza kwa nini niliondoka, mama. Nataka iwe karibu na mkono."

Nilikuwa na maneno kumi ya kumwambia, yote mazuri, yote ya kulinda jina letu. Nikamnyooshea kola ya shati, nikamfungulia mlango.

Majibu bado hayajatoka. Simu yake huwa anaiacha mezani anapofua au kupika, na ikilia, mimi ndiye ninayeshtuka kwanza.