Panya wa Saba na Damu Yake Nyingi

Panya wa maabara mwenye mwili wa wastani ana damu ya kujaza vijiko vinne vya chai, basi. Kuipima bila kumuua ndiyo ilikuwa kazi yangu ya shahada ya uzamili, hapa Meru, na mama yangu kule Mikinduri hakuwahi kuielewa. Nyumbani panya wakivamia mahindi tunawawekea sumu. Chuoni nilijaza fomu kuahidi kwamba hawatasikia baridi.

Unamdunga panya rangi ya bluu kwenye mshipa wa mkia, unangoja dakika chache, kisha unachota damu kidogo na kuangalia bluu imepauka kiasi gani. Ni kama juisi ya kukoroga: ikipauka sana, ujue maji ni mengi.

Panya wa saba alinitoa jasho. Sindano iliteleza, nusu ya rangi ikabaki chini ya ngozi, na hesabu ikatoa damu karibu maradufu. Nilijua kosa liko wapi. Nikaiandika hivyo hivyo, maana nilikuwa nimechoka na panya.

Profesa wangu alipoiona namba hiyo nusura aruke dirishani kwa furaha.

"Ni altitude!" akasema. "Panya wa huku juu mlimani ako na damu mingi!"

Panya mwenyewe alizaliwa Nairobi na alikuwa amekaa Meru siku tisa. Hilo halikumsumbua profesa, akaketi kuandika makala.

Msimamizi wa maabara, mama wa Embu aliyenifundisha kushika sindano, alimwinua panya akamkagua.

"Wewe, mbona mkia ya huyu ni bluu? Dawa iliingia kwa mshipa ama kwa ngozi?"

"Kwa mshipa, mama."

Nilimdanganya mtu mzima mchana kweupe, na hadi leo naona haya.

Bila sahihi ya profesa sikuwa na shahada. Hata hivyo, makala ilipokaribia kusomwa mbele ya watu kule Embu, nilishindwa kuvumilia. Niliingia ofisini kwake nikaungama yote, machozi yakinilengalenga, nikingoja kufukuzwa.

Alinisikiliza huku akikoroga chai.

"Mkia niliiona hiyo siku," akasema. "Kwa picha ya makala nimeikata."

Akanisukumia karatasi nitie sahihi kama mwandishi wa pili. Nikatia, tena kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.