Tulisema Tunafanya Utafiti

Kuna neno ambalo mpaka leo nikilisikia redioni nazima redio. Utafiti. Kwa watu wa mjini ni neno safi, linanukia vitabu. Kwetu Nyamongo lina maana moja: mtu amekuja na gari kupima kama chini kuna dhahabu. Wakifika watafiti, mwenye shamba anaanza kupanda miti ya haraka haraka ili alipwe fidia, na vijana wanaanza kunoa tindo.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Si kwamba nilikuwa mjinga, sikuweza tu kukaa. Nilitaka kujua kuna nini nyuma ya kila kitu. Nikabeba mizigo Sirari, nikavuka kwa mjomba upande wa Kenya nikaosha vyombo hotelini kwake, nikarudi nyumbani Kerende, hukohuko Nyamongo, nikaingia kwenye duara, kama tunavyoyaita mashimo yetu ya kuchimbia. Kule chini niliwachosha wenzangu kwa maswali. Kwa nini jiwe hili lina mistari? Maji haya yanatoka wapi? Walinijibu kwa swali moja, swali pekee ambalo Nyamongo huuliza kuhusu jiwe: "Lina kitu?" Kama halina kitu, tupa.

Nilipochoka na duara nikaendesha bodaboda. Siku moja akafika kijiweni dada mmoja wa chuo kikuu, amevaa viatu vya kupandia mlima na kofia pana, akauliza nani anaijua milima ya mawe yote kuanzia hapa mpaka pembeni mwa hifadhi ya Serengeti. Nilishuka kwenye pikipiki kabla hajamaliza. Alikuwa anamtafuta mjusi.

Si mjusi kafiri huyu anayekimbiza nzi ukutani. Ni mdogo kuliko kidole, wa kijivu mwenye madoa, jicho lake la duara kama la ndege, vidole vyembamba visivyo na vile vibapa vya kunatia. Anakaa kwenye nyufa za miamba, penye kivuli na ubaridi, mara nyingi kichwa kikiwa chini. Jina lake mwenyewe hana. Nilimuuliza mama yangu kwa Kikurya anaitwaje, akaniambia, "Mjusi ni mjusi, nenda kaoe." Dada alitaka kujua mjusi huyu anaishi wapi, wapi hayupo, na mahali panapomfaa pakoje. "Hata tusipomkuta," aliniambia, "hilo nalo ni jibu." Maneno hayo niliyapenda kuliko chochote nilichofundishwa darasani. Nilikuwa sijawahi kukutana na mtu anayetazama ndani ya jiwe bila kutaka kulipasua.

Kazi yenyewe ni hivi: unalala kifudifudi mbele ya ufa, unashika kioo kidogo cha kunyolea, unalinasa jua na kulitupa ndani. Mwanga unafika mbali kuliko wa tochi. Upande wa Kerende tulilala kifudifudi siku nyingi, tukaambulia maganda. Majike wa mjusi huyu hugandisha mayai kwenye jiwe, mawili mawili, kila mmoja karibu na alipotaga mwenzake, na yakishaanguliwa vinabaki viduara vyeupe vimenata pale miaka na miaka. Tulikuta jiwe lina nusu ya ukuta wa maganda. Nusu nyingine ilikuwa imeshapita kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, imekuwa unga, na unga wenyewe umemwagwa mtoni pamoja na zebaki. Kwa jiwe ambalo halikuwa na kitu.

Nilimwambia dada mapema, tukiwa bado Nyamongo: "Tukifika upande wa Serengeti, usitamke utafiti."

"Sasa niseme nini? Ndiyo kazi yangu."

"Sema tunashika mijusi."

"Watanicheka."

"Wakucheke! Huku ukichekwa uko salama."

Alidhani natania.

Kilima chenyewe kilikuwa mbele ya Machochwe, kwenye kitongoji ambacho sitakitaja, maana kimeshataabika vya kutosha. Miamba mikubwa imeegemeana kama ng'ombe waliolala, mikuyu imepitisha mizizi katikati, na chini kabisa, kwenye ufa usioweza kupitisha kichwa cha mtoto, maji yanatoka. Si mengi. Yanatosha mtungi, halafu mtungi mwingine. Lakini yalikuwa hayakauki kiangazi, na hayakuwahi kukauka tangu mama aliyekuwa na eneo lile aolewe pale. Alikuwa mjane, watoto wake wameenda Musoma na Mwanza, yeye amebaki na ng'ombe wachache, mtama, na yale maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Mnatafuta nini kwenye mawe yangu?"

"Mjusi, mama."

Akalitazama gari la dada, akanitazama mimi. "Paka wangu naye anatafuta mjusi kila siku. Hajawahi kuja na gari."

Dada alicheka mpaka akakaa chini, na yule mama akafurahi kuona mgeni amekaa chini. Akaturuhusu kwa sharti moja: pale kwenye mdomo wa maji tusitie mkono, wala kijiti, wala jiwe lisisogezwe. "Haya maji yana njia yake," alisema. "Ukiigusa njia, anakwenda kwingine." Aliyasema kama mtu anayemzungumzia mume.

Mijusi walikuwa tele. Nilitupa mwanga kwenye ufa wa kwanza nikaona macho, kisha macho mengine. Kwenye dari la jiwe mayai yalikuwa yamebandikwa tabaka juu ya tabaka, mapya juu ya maganda ya zamani, meupe kama mtu amerusha chokaa. Dada alihesabu mpaka akapoteza hesabu. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba ni ule unyevu, ni yale maji, ndiyo maana wako wengi hivi. Kwa mjusi na kwa yule mama, uhai ulikuwa unatoka kwenye ufa mmoja. Ni asubuhi chache maishani mwangu ninazozikumbuka bila kukunja uso. Hiyo ni mojawapo.

Kisha kukawa na mkutano wa kijiji, na sisi tukaitwa tutambulishwe. Mwenyekiti alikuwa amemuuliza dada pembeni anafanya nini, naye akajibu kistaarabu, kirefu, kama walivyofundishwa. Mwenyekiti akasimama, akavuta koti: "Ndugu wananchi, hawa ni wageni wetu kutoka chuo kikuu. Wamekuja kufanya utafiti kwenye miamba yetu."

Nilisikia mkutano mzima ukivuta pumzi.

Nikasimama bila kuruhusiwa. "Mwenyekiti, ni mjusi. Tunatafuta mjusi anayekaa kwenye miamba."

Wakacheka. Na katikati ya kicheko nikasikia sauti ninayoifahamu. Alikuwa jamaa tuliyechimba naye duara moja Nyamongo, siku hizi dalali, anazunguka vijiji na pikipiki akinunua habari za mawe. Alikuwa ameegemea pikipiki yake, anachokonoa meno.

"Mura! Wewe si ndiye uliyekuwa ukiramba mawe chini kule?"

"Nilikuwa nachimba. Sasa sichimbi."

"Sasa unachunga mijusi."

"Ndiyo."

"Na mshahara wa kuchunga mijusi unalipwa na nani? Na mijusi?"

Kicheko kingine. Nikaapa. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Nikawaambia lile jiwe nimelitazama, nimechimba vya kutosha kujua halina kitu. Yule jamaa akawageukia watu, akaacha kucheka, akasema taratibu: "Mmesikia? Amelitazama."

Nilichemka na bado nachemka. Ukisema kuna dhahabu, wanakimbia na tindo. Ukisema hakuna, wanakimbia zaidi, maana nani aliyewahi kuona mwenye dhahabu akaitangaza? Nchi hii imefika mahali ambapo hakuna jibu linaloweza kukiokoa kilima. Ukishakitazama tu, basi. Na sisi tulikitazama mchana kweupe, asubuhi baada ya asubuhi, na kioo kinachomeremeta mpaka kwa wachunga ng'ombe wa ng'ambo ya bonde. Baadaye niliambiwa kioo kile kilikuwa na jina. Walikiita mashine ya kupimia.

Dada alimaliza kazi yake pale, tukaenda milima mingine, kisha akarudi chuoni. Simlaumu kwa kuondoka. Namlaumu kwa kudhani neno ni neno tu.

Habari nilizipata kijiweni Nyamongo. Abiria aliyebeba nyundo mbili na godoro aliniambia, "Nipeleke Machochwe, kuna rashi mpya." Rashi ni ule mkurupuko wa watu wakisikia pametoka mali. Nikamuuliza kwenye kilima gani. "Kile cha watafiti," akasema. Nilimpeleka. Ningeenda hata peke yangu.

Kilima kilikuwa hakina tena umbo. Maturubai ya bluu, moshi, kelele za nyundo. Mikuyu imekatwa kuni. Walikuwa wanawasha moto juu ya mwamba, unapopata joto wanaumwagia maji upasuke, na maji hayo walikuwa wameyachota palepale chini, kwa yule mama, mpaka tone la mwisho. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, ameshatajwa mlezi wa rashi, kila aliyeingia anapita kwake.

Nikamkuta jamaa yangu dalali amesimama juu ya kifusi.

"Mmepata nini?" nilimuuliza.

"Bado tunalifuata jiwe."

"Mnafuata nini? Hili jiwe halina kitu! Mmeua maji ya mtu kwa jiwe lisilo na kitu!"

"Kama halina kitu," alisema, "chuo kikuu kilifuata nini hapa? Mjusi?"

Nikainama, nikaokota kipande cha mwamba chenye mayai. Nikapaza sauti ili wote wasikie. Nikawaonyesha. Huyu hapa. Haya ni mayai yake. Nikabinya moja kwa ukucha, na ndani alikuwemo mjusi mdogo kama punje ya mchele, tayari ana macho, tayari ana vidole. Nilimweka kiganjani nikawapitishia mbele ya uso, mmoja baada ya mwingine, kama mchungaji anayegawa meza ya Bwana. Nyundo zilinyamaza. Nikasema moyoni, mwishowe wameelewa.

Mzee mmoja wa duara, mwenye ndevu zilizojaa vumbi, akanisogezea uso. "Kumbe ni kweli mlikuwa mnamtafuta huyu."

"Ni kweli, baba."

"Basi huyu ndiye alama." Akawageukia wenzake. "Panapokaa huyu ndipo penye mali. Wasomi wanajua."

Na wakashangilia! Walinipiga mabegani. Jamaa yangu akanikumbatia, akanukia jasho na gongo, akaniambia sikioni, "Si ungesema tangu mwanzo, mura." Tangu siku hiyo nimesikia, mpaka Kerende, watu wananunua vioo vya kunyolea, wanazunguka milima iliyobaki wakimtafuta mjusi. Wakimkuta, wanaleta nyundo. Ushahidi niliouleta kumwokoa ndio uliomtia kitanzi. Nani angenifundisha kitu kama hicho, shule au duara?

Nilishuka chini kwa yule mama. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, dumu tupu miguuni. Mdomo wa maji ulikuwa umefukiwa na vipande, na kwenye ufa wenyewe kulikuwa na tope linalokauka likipasuka pembeni.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Nimewasalimia watu wazima maisha yangu yote, na sijawahi kusikia ukimya ule. Shikamoo ilibaki mdomoni mwangu kama kitu nilichoiba.

"Una kile kioo chako?" aliuliza baadaye.

"Ninacho."

"Basi wewe si mtafiti? Nitafutie maji yangu."

Nilitaka kumwambia ni wao, si mimi. Nilitaka kumwambia nilipinga mkutanoni, nimetoka kupiga kelele juu kule sasa hivi. Nilikuwa na hasira naye pia, ndiyo, kwa kuniweka kundi moja nao. Lakini alikuwa ananitazama, na dumu lilikuwa tupu. Nikatoa vile vipande kwa mikono, nikalala kifudifudi kwenye tope, nikalinasa jua, nikalitupa ndani ya ufa.

Jiwe lilikuwa kavu. Nikaugeuza mwanga kushoto. Kavu. Nikausukuma ndani zaidi, pale ambapo zamani palikuwa panametameta, nikaona vumbi jipya jeupe na ufa mwingine, mwembamba, unaoshuka kwenda chini. Labda maji yameshika njia hiyo. Nikasogeza kichwa.

"Unaona?" aliuliza yule mama.

"Ngoja, mama."

Ndipo nikasikia miguu. Nyundo za juu zilikuwa zimenyamaza tena. Nilipogeuza shingo, walikuwa wamesimama nyuma yangu watu watano au sita, wanahema, tindo mikononi. Walikuwa wameona kioo kinamulika.

"Mura," jamaa yangu alisema kwa upole, "umeona nini?"

Nikakificha kioo chini ya kifua. Nikauziba ufa kwa mwili wangu wote.

"Hakuna kitu," nikasema.

Wakatazamana, wakatabasamu, kama watu walioambiwa ndiyo. Yule mama akachukua dumu lake, akaondoka bila kutazama nyuma.