Aliyenifundisha Gitaa Hakuwahi Kulishika

Mume wangu alirudi kutoka vitani na gitaa, na miaka michache baadaye akaondoka bila gitaa. Asubuhi moja mwanzoni mwa Hali ya Hatari alitoka kwenda Embu mjini kununua chumvi na mafuta ya taa, na hakurudi. Wengine walisema yuko msituni na wanaopigana na Wazungu, wengine walisema amefungwa kambini. Wengine hawakusema kitu, walinitazama tu kwa huruma, na hao ndio niliowachukia zaidi.

Mama yake hakutaka kusikia habari ya kifo. Kwetu, mtu akifa, watu wa nyumba yake hunyolewa nywele, na kabla wembe haujapita, hakuna aliyekufa. Wanawake wa umri wake walinyoa kila mara, msiba au hakuna msiba, lakini yeye aliukataa wembe tangu mwanawe alipopotea, asije mtu akadhani anaomboleza. Nywele zake zikaota nyeupe, na watu wakamwona kama amechanganyikiwa.

Serikali ilipotutoa mashambani na kuturundika katika kijiji cha lazima juu ya soko la Manyatta, mimi nilibeba sufuria na blanketi. Mama mkwe, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kumzimikia, alibeba gitaa. Kijiji kilizungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na nyumba zilibanana hata jirani akikohoa ulijua ni yupi. Sisi wanawake ndio tuliolichimba handaki hilo, chini ya bunduki za homgadi, askari wenyeji wa serikali.

Siku moja, nimerudi kutoka kuchimba na hasira zangu, nilikuwa nalipangusa gitaa vumbi, uzi mmoja ukalia.

"Huo umelegea," mama mkwe akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Yeye huukaza zaidi."

Nikaukaza. Akatikisa kichwa. Nikaukaza tena, akasema basi, sasa mwingine. Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza. Alikuwa hajawahi kulishika gitaa maishani mwake, maana kwetu lilikuwa jambo la wanaume, kama kupanda juu ya paa. Lakini alikuwa amemsikiliza mwanawe kila jioni kwa miaka, na kila sauti alikuwa ameiweka. Aliimba kwa pua, polepole, nami nikaitafuta sauti hiyo kwenye nyuzi.

"Hapana. Hapo yeye hushuka."

"Nashuka wapi, mama? Nyuzi zimekwisha."

"Zitafute."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka shingo ikauma. Viganja vilikuwa na malengelenge ya jembe, na uzi mmoja, uliokuwa waya wa breki ya baiskeli, ulinikata vidole. Kidole changu cha mwisho kilikuwa kizembe, nilikigombeza kama mtoto. Mvua ndefu zilikuja zikaisha kabla sijaweza kupiga wimbo mmoja wa mume wangu kutoka mwanzo hadi nusu. Hata hivyo nilifurahi. Katika siku zile hakuna kitu kingine kilichokuwa kikiongezeka nyumbani mwangu.

Kisha nikaanza kuogopa.

Kwanza niliuogopa uso wa mama mkwe. Nikipiga vibaya, alinielekea mimi. Nikipiga vizuri, uso ulipanda juu kidogo, ukatulia mahali ambapo uso wa mume wangu ungekuwa kama angekaa nilipokaa. Alitabasamu kuelekea huko. Alasiri moja, ukungu umeshuka kutoka mlimani na ndani kuna giza, akauliza, "Umekula?" Nikamjibu kwamba nimekula. Akasema, "Sikuulizi wewe."

Halafu nikajiogopa mimi mwenyewe. Mume wangu alikuwa na desturi ya kusafisha koo mara mbili kabla ya kuanza. Nilijisikia nikifanya hivyo, kwa sauti nzito ambayo sikuijua. Vidole vikaanza kwenda mahali ambapo mama hajanionyesha. Nikaliweka gitaa chini na kulifunika kwa gunia, lakini kesho yake nikalifunua. Sijui nilimtaka nani zaidi, yeye au wimbo wake.

Na kuta zile za udongo hazikuficha kitu. Jirani yangu alinikuta mtoni akaninong'oneza, "Dada, mwambie apige taratibu. Wanasikia."

"Ni mimi ninayepiga."

Akanitazama kama mtu anayedanganywa mchana kweupe. Mwanamke kupiga gitaa? Lisemwalo lipo, akasema, na kama halipo laja. Siku hiyo nilielewa tulipofika. Kila nilivyozidi kujifunza, ndivyo mume wangu alivyozidi kuwa ndani ya nyumba, na aliyeficha mtu wa msituni alichomewa nyumba na kuchukuliwa. Wengine waliochukuliwa hatukuwaona tena.

Walikuja kabla ya saa ya kufungiwa ndani. Mkubwa wa homgadi alikuwa mtu wa upande wa Meru, na alipenda kutusemesha Kiswahili, maana ndicho kilichokuwa na bunduki. Walipindua kitanda, wakachomachoma dari kwa mikuki.

"Bwana yako iko wapi?"

"Sijui."

"Nani napiga hii kitu?"

"Mimi."

"Wewe? Haya, piga."

Mikono ilipogusa nyuzi ikaenda yenyewe, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko bunduki. Wimbo ulitoka wote, hata ile nusu niliyokuwa sijafundishwa. Kijana mmoja wa homgadi, aliyemfahamu mume wangu, akarudi nyuma hadi mlangoni.

Mkubwa hakuridhika. Akamgeukia mama mkwe, akamuuliza kwa lugha yetu, iliyokaribiana na ya kwao, polepole, kama anayembembeleza: "Mama, huyu anayepiga ni nani?"

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umepanda, pale mahali pa juu, na alikuwa akitabasamu. Nikajua atakalosema, na kwamba tumekwisha. Tabasamu likamtoka taratibu.

"Ni mke wa mwanangu," akasema. "Mwanangu alikufa."

"Mbona hujanyoa?"

"Nilikuwa nangoja mtu wa kuninyoa. Mtamngoja huyu aninyoe, au mna kazi nyingine?"

Walisubiri. Nilichukua wembe na maji, nikamnyoa mbele yao, kisha nikanyoa kichwa changu. Nywele zilianguka kati ya miguu yetu. Walipokwenda nililia kwa sauti, kwa sababu sasa nilikuwa nimepewa ruhusa.

"Mama," nikamuuliza, "umesema vile kuniokoa, au unajua?"

Alipapasa kichwa chake.

"Usiniulize," akasema. "Tumemnyolea. Akija kugonga, usimfungulie. Atakayekuwa nje si yeye tena."

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, hata baada ya handaki kufukiwa na watu kurudi mashambani. Nilimpenda mume wangu. Lakini kila mlango ulipogongwa jioni, tulikaa kimya wote wawili, mpaka aliyekuwa nje ataje jina lake.