Mshona vitabu wa Baraza akuta kura ya baba mkwe wake

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha nyuma cha Baraza la Jimbo, mwanamke mwenye miwani mipya anahesabu karatasi. Analowesha kidole, anageuza, ananong'ona namba. Harufu ya gundi imetapakaa hadi kwenye korido. Akimaliza kushona atatia saini kwamba hakuna ukurasa uliopungua.

Wenzake humwita Mama Uzi. Ana miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka thelathini ameshona kumbukumbu za vikao vya Baraza. Miaka ishirini na minane kati ya hiyo hakujua zinasema nini.

"Namba nilizijua. Maneno niliyaona kama sisimizi tu," anasema na kucheka. "Wakubwa walifurahi. Ningevujisha siri gani?"

Miaka miwili iliyopita alianza masomo ya jioni. Mwezi uliopita, Baraza likijiandaa kutimiza miaka hamsini, aliletewa majalada ya mwanzo ayashone upya. Akaanza kusoma.

Alisoma jinsi Baraza lilivyoanza na wajumbe ishirini na mmoja, wote wa kuteuliwa, mwanamke hata mmoja hakuna, wakikutana kwenye ukumbi wa kuazima juu ya ghala la nafaka. Mwanzoni kazi yao ilikuwa kushauri tu. Mwaka wa tano wakapewa mamlaka ya kupitisha mipango ya ardhi. Leo wajumbe ni sabini, wote wa kuchaguliwa.

Kisha akafika ukurasa wa 212, mwaka wa sita.

Hoja ilikuwa kubomoa mtaa wa nyuma ya reli, nyumba 213 pamoja na shule yake. Waliounga mkono kumi na mmoja, waliopinga kumi. Majina yameandikwa yote. La saba kati ya waliounga mkono ni la baba mkwe wake.

"Nililisoma mara nne. Nikasema, Mungu wangu, kumbe bado sijajua kusoma."

Mtaa huo ndiko alikozaliwa. Alikuwa na miaka tisa tingatinga lilipofika, na hakuingia tena darasani. Naye mzee huyo, aliyemtafutia kazi hii, amewaambia watu miaka yote kwamba yeye alipinga.

Mama Uzi alifunga siku mbili akiomba. Siku ya tatu akamwendea na nakala ya ukurasa.

"Leo una begi kama karani wa mahakama," mzee alimtania. "Umekuja kunishtaki?"

"Nimekuja kukusomea, Baba."

Akamsomea. Mzee, mwenye miaka themanini na minane, aliweka kikombe chini.

"Tuliambiwa tukipitisha hii, mwakani wananchi watachagua wajumbe wenyewe," alisema. "Na kweli walichagua."

"Sisi hatukuchagua, Baba. Tulikuwa chini ya maturubai."

Mzee akatamka neno lililomshtua mkwewe kuliko kura yenyewe.

"Ni jani moja tu, mwanangu. Lichomoe. Nani atajua?"

"Mimi, Baba. Siku hizi nasoma."

Nyumbani hali si shwari. Mumewe anasema anaitia familia aibu. "Wiki nzima kaninunia," anasema Mama Uzi. "Anakula kanipa mgongo, lakini sahani anarudisha tupu."

Asubuhi hii anaushona ukurasa wa 212 mahali pake, kwa uzi wa kukunja mara mbili. Anavuta fundo na kutia saini.

Alhamisi jalada litafunguliwa mbele ya umma, na waliobomolewa wamealikwa. Ameomba viti viwili, kimoja cha mzee.

"Natamani aje ausome mwenyewe, kwa mdomo wake. Nitamshika mkono, ni baba yangu," anasema. "Asipokuja nitausoma mimi. Nafanya mazoezi kila jioni. Majina marefu bado yananikwamisha. La kwake silikosei."