Mlango wa Jikoni Uliokwenda Chuoni

Mtaani kwetu, hapa Sumbawanga, inasemwa kwamba niling'oa mlango wa jikoni nikaupeleka kwa mganga. Naandika ili kusahihisha. Kuung'oa niliung'oa. Lakini niliupeleka chuoni, mchana kweupe, juu ya guta la magurudumu matatu, kwenye darasa la useremala la watu wazima ambako nilikuwa nimejiandikisha kwa jina langu kamili kama mkazi mwingine yeyote.

Nilikuwa mtumishi wa serikali tangu ujana hadi kustaafu, na katika vikao vingi nje ya mkoa nilitaniwa kwa jambo moja: uchawi. Ukishajitambulisha kwamba umetoka Sumbawanga, jirani yako anavuta kiti pembeni. "Ndugu mjumbe, usiniangalie hivyo, nina watoto wadogo." Ukumbi mzima unacheka. Mimi mwenyewe nilihamishiwa hapa kutoka Mbeya, lakini nilioa Mpui na watoto wangu wamezaliwa hapa, na utani ule sikuuzoea hata siku moja. Nilikuwa nikiwajibu kwa hoja: kwamba mahindi wanayokula mchana huo yawezekana yametoka kwetu, na kwamba mtu mzima hapaswi kuongozwa na uvumi. Kwa hiyo msomaji ataelewa kwa nini jambo lilipoanza nyumbani kwangu sikumwambia mtu.

Mke wangu alifariki wakati wa kiangazi, upepo mkavu ukivuma kutwa, na mlango wa jikoni ulikuwa kimya kama unavyokuwa kila kiangazi. Ni mlango wa mbao za paina. Mvua zikianza unavimba, na ukiusukuma unakwaruza sakafu ya saruji kwa namna yake: mkwaruzo mfupi, kituo, halafu mkwaruzo mrefu. Kituo kile nilikifahamu vizuri. Mke wangu alikuwa akirudi jioni kutoka jumuiya ya kanisani au shambani, mikono imejaa. Anausukuma kwa bega, unakwama, anavuta pumzi, anaumalizia kwa nyonga. Mara kadhaa nilitaka kumwita fundi, akakataa.

"Uache. Huo ndio mbwa wangu."

"Mbwa gani asiyebweka kiangazi?"

"Kiangazi baridi kali, baba. Hata wezi hawatoki."

Mvua za kwanza baada ya mazishi zilinikuta sebuleni, nikisikiliza taarifa ya habari. Nikasikia mkwaruzo mfupi. Kituo. Mkwaruzo mrefu. Nikasema, kama nilivyosema miaka yote, "Umerudi?" Kisha nikazima redio. Jikoni hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi nusu, na harufu ya udongo uliolowa ilikuwa inaingia.

Kitasa kilikuwa kimelegea, na jioni upepo hutangulia mvua. Hilo nililiona mara moja. Lakini ilijirudia kesho yake, na jioni nyingine baada ya hapo. Upepo unaosukuma mlango naukubali. Upepo unaopumzika katikati ya kazi ulinishinda.

Shemeji yangu, dada wa marehemu, alikuja kutoka Mpui kunijulia hali. Alikuwa amekaa jikoni akichambua maharage nilipousikia mlango. Nilifika nikamkuta hajashtuka. Alikuwa amekunja miguu yake upande mmoja, kama mtu anayempisha mwenzake, na mikono ilikuwa inaendelea na maharage. Niliurudishia mlango nikarudi sebuleni.

Ni katika majuma hayo nilipoliona tangazo la chuo, limebandikwa ukutani nje ya ofisi ya kata. Masomo ya alasiri kwa watu wazima: gitaa, keki, ushonaji, useremala. Kwa kujiburudisha, hakuna mtihani, hakuna cheti. Maneno hayo yaliniudhi. Sioni kwa nini mtu afundishwe jambo bila kupimwa. Hata hivyo nilijiandikisha useremala, kwa lengo moja tu. Nilitaka kuthibitisha kwamba lile lilikuwa suala la mbao.

Mwalimu wetu alikuwa kijana kutoka kijiji cha Kaoze, mwenye adabu, aliyetuamkia shikamoo mmoja mmoja kabla ya kugusa chombo chochote. Alitufundisha kwamba mbao hunywa unyevu hata baada ya kupakwa rangi. Alitufundisha pia habari ya fundo, lile duara gumu linalobaki pale tawi lilipoota, kwamba sehemu nyingine za mbao hulika lakini fundo huchelewa. Kisha akatuambia kila mtu alete kazi ndogo kutoka nyumbani.

Mfanyabiashara wa mahindi, mtu wa Mbeya kama mimi, alileta kigoda. Muuguzi mstaafu alileta rafu ya vyombo. Mimi niliingia karakana na mlango.

"Bosi, tumeambiwa kazi ndogo," alisema mfanyabiashara. "Au kesho unaleta paa?"

"Ameacha nyumba wazi," alisema muuguzi. "Leo mtaa mzima utaingia kula."

"Kwa mgane watakula nini? Ugali wa jana na gazeti."

Niliwaacha wacheke. Muuguzi ndiye aliyenyamaza kwanza, akausogelea mlango na kuupapasa. Alikuwa jumuiya moja na marehemu.

"Huu naujua," alisema. "Ulikuwa unanitangaza kabla sijapiga hodi. Una tatizo gani?"

"Unakwaruza."

"Mbona siku zote unakwaruza?"

"Ndiyo maana nimeuleta."

Alinigeukia. "Mzee, unarekebisha mlango, au unamfungia mtu nje?"

Msasa wa mfanyabiashara ulisimama. Nilimjibu muuguzi kwamba hapa ni chuoni.

"Sijasema si chuoni," alisema, akarudi kwenye rafu yake.

Mwalimu aliulaza mlango kwa ubavu, akaukaza kwenye benchi, akanipa randa. Nilianza kuranda ukingo wa chini, kutoka upande wa bawaba. Maranda yalitoka marefu na meupe, na nakiri kwamba nilifurahi. Nilipokaribia upande wa pili, randa iliruka. Nikarudia, ikaruka tena. Niliinama nikaliona: fundo, kubwa kama sarafu, jeusi, limeng'arishwa na saruji, limechomoza kidogo kuliko mbao iliyolizunguka.

Nilimwita mwalimu. "Hili lingeweza kukwama sakafuni?"

"Lazima, mzee. Linakwama hapo kidogo, halafu likishapita mlango unakwenda hadi mwisho."

"Hata ukisukumwa na upepo?"

"Upepo au mtu, kwa mlango ni sawa."

Basi nilikuwa nimepata nilichokifuata. Ofisini ningefunga jalada na kwenda kunywa chai. Badala yake nilibaki nimeshika randa, kwa kuwa jambo jingine lilikuwa limenijia. Ikiwa kituo kilikuwa cha fundo, basi kilikuwa cha fundo siku zote. Mimi nilikuwa sebuleni na redio. Bega lile, pumzi ile, nyonga ile, sikuwahi kuviona. Niliviunda kutokana na sauti. Mlango ule ulikuwa unaninyang'anya mke wangu mara ya pili, tena kwa ushahidi.

Muuguzi alikuwa amekuja bila mimi kumsikia. Aliweka kidole juu ya fundo.

"Hapa acha," alisema, bila utani safari hii. "Randa kwingine kote. Hapa mwachie."

Mwalimu aliangalia pembeni. Ningeweza kuacha. Fundo peke yake lingetosha kuitunza sauti ile mvua baada ya mvua, na nani angejua? Lakini maisha yangu yote nimewadai watu ushahidi, na sikuona ningewezaje kuukataa siku ulipokuja kwangu. Tena nilikumbuka viti vile vinavyovutwa pembeni. Nilimwomba aondoe kidole. Fundo lilitoka vipande vipande, vyeusi, na likatoa harufu ya utomvu kana kwamba mti ulikuwa umekatwa asubuhi ile.

Niliurudisha mlango nikaufunga kwenye bawaba zake. Ulifunguka na kufungika kama karatasi inavyogeuzwa. Jioni hiyo nilikaa sebuleni, redio nimeizima, mvua ikinyesha. Sikusikia kitu. Nilipokwenda jikoni kuchukua maji, mlango ulikuwa wazi nusu.

Kitasa ni kile kile kilicholegea, na sina hoja yoyote ninayoijenga hapa. Ninachosema ni kwamba zamani ulipofunguka niliarifiwa, nikaweza kusema "Umerudi?" kwa wakati wake. Sasa unafunguka na mimi sijui.

Shemeji alikuja tena kabla mvua hazijakatika. Tulikaa jikoni wote wawili, kwa maana siku hizi jioni nakaa huko. Alikuwa na maharage yake kwenye ungo. Alipoinua macho aliukuta mlango umeshafunguka, na miguu yake ilikuwa imenyooshwa katikati ya njia. Aliikunja haraka. Ndipo aliposema, kwa mara ya kwanza, na kwa sauti ya lawama:

"Sasa tutajuaje kumpisha?"

Niliinuka nikavuta kiti changu pembeni.