Shahada ya Njozi na Viti Viwili vya Plastiki

Kwa wazazi, walezi, wakuu wa vyuo na majirani wote wenye masikio marefu: inatangazwa kwa heshima na taadhima kwamba Njozi, binti wa fundi cherehani wa nyumba ya kona, mwenye shahada ya falsafa ya daraja la kwanza kutoka chuo ambacho hata njiwa wake hutembea wamefunga mikono nyuma, ameajiriwa kuwa rubani. Mtu asiniambie kwamba njiwa hawana mikono. Waliosoma pale watakuapia kwamba wa kwao wanayo.

Njozi si jina la kwenye vyeti. Alipewa na mama yake, kwa sababu tangu utotoni ukimwita mara tatu aliitika ya nne, na ile "abee" yake ilitoka mbali, kama ya mtu anayeshuka ngazi taratibu. Alikuwa akilala chali sakafuni, chini ya meza ya cherehani, mguu wa mama ukikanyaga pedali, na mngurumo ule ukimpandisha juu ya paa, juu ya kamba za nguo, mpaka mahali ambapo nyumba zote zinafanana na vifungo vilivyomwagika.

Aliyempeleka chuoni ni mjomba wake, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu anayeamini kwamba jambo lisilogongwa mhuri bado halijatokea. Njozi alitaka urubani. Mjomba akasema sawa, lakini kwanza shahada, tena ya pale penyewe, kwa maana mwenye shahada ya pale akibisha hodi mlango hujifungua wenyewe. Akaenda. Maktaba ya pale ilikuwa na dirisha refu linalotazama upande ambao ndege hupita zikishuka. Njozi alikaa chini ya dirisha hilo miaka mitatu na akaandika tasnifu kuhusu kama kitu kilichotoweka machoni bado kipo. Maprofesa waliisifu kwa kina chake. Hawakujua kwamba mwandishi wake alikuwa anatazama ndege zikiingia kwenye wingu na kuzisubiri zitoke upande wa pili.

Zilitoka zote. Hiyo ndiyo ilikuwa sura ya mwisho ya tasnifu.

Baada ya mahafali akaenda klabu ya urubani pembezoni mwa mji. Alianza kwa kufagia karakana, akasoma, akapata leseni, na hatimaye akawa mwalimu, akiwafundisha madaktari wa meno kuruka kila Jumamosi. Kulikuwa na ndege moja ya viti viwili, ya umri wa mjomba, yenye mlango unaofungwa kwa kusukumwa na nyonga. Asubuhi za ukungu alikuwa akisimama chini ya bawa lake, kiganja juu ya bati lenye umande, akisikiliza. Ukimuuliza anasikiliza nini, alisema hakuna kitu, na alikuwa anakisikiliza hicho hicho. Kila safari aliiandika kwenye daftari la saa, lile ambalo rubani hujaza tarehe, ndege, muda aliokaa angani na maneno machache ya pembeni. Miaka sita ikapita humo. Gamba la daftari lilichanika likabandikwa gundi ya karatasi, likapata doa la mafuta, halafu doa la chai, halafu doa ambalo hata mwenyewe hakulijua baba yake.

Mwaka huu klabu ikatangaza kwamba ndege ile inastaafu. Mjomba, ambaye hangoji matanga yaishe, akamtafutia mpwa wake nafasi kwenye bodi ya mitihani: meza, kiti cha kuzunguka, dirisha linalotazama ukuta. Angeanza tarehe mosi. Njozi alikubali kwa sauti ya mtu aliyekubali sindano. Siku tisa kabla ya hiyo tarehe mosi ikaja barua kutoka kampuni ndogo yenye ndege za abiria kumi na wawili, ikimwita kwenye usaili wa rubani msaidizi. Alhamisi, saa nne asubuhi. Nafasi moja.

Jumatano jioni mjomba akaja kupanga faili. Alivaa miwani, akanawa mikono kama daktari. Juu kabisa akaweka shahada, kisha matokeo ya kila muhula, barua ya mkuu wa chuo, picha ya Njozi akiwa na joho, na nakala ya shahada ile ile, endapo mtu angeitazama ya kwanza na asiamini. Leseni akaipa heshima ya mkia. Alipofika kwenye daftari la saa akalishika kwa vidole viwili, akauliza nani amechanganya kitabu cha madeni ya duka na nyaraka za serikali, hakungoja jibu, akalisukumia kabatini. Njozi alikuwepo pale pale. Alikuwa amefumba macho, mkono wa kulia ukisogeza mtambo usioonekana. Marubani wote hufanya mazoezi hivyo, kitini, kwa kumbukumbu tu. Mama alimwita mara tatu aje aone kama faili iko sawa. Ya nne akaitika, akasema iko sawa, mjomba, asante.

Ofisi ya kampuni ilikuwa nyuma ya karakana, yenye feni inayolalamika. Rubani Mkuu, mwanamume mnene aliyefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu, alifungua faili na kukutana na shahada. Akaisoma kwa adabu. Akafunua, akakutana nayo tena.

"Hii ya pili ni ya nani?"

Njozi akasema ni yake pia. Rubani Mkuu akafunua hadi mwisho, akarudi mwanzo, akaikung'uta faili ikiwa juu chini.

"Binti, daftari la saa liko wapi?"

Hapo Njozi aliitika mara ya kwanza tu, akasema limebaki nyumbani. Bila daftari hakuna rubani. Kuna mtu anayesimulia kwamba amewahi kuruka, na watu wa aina hiyo wamejaa kwenye kila kijiwe cha kahawa. Rubani Mkuu akamwambia kwamba saa saba anapeleka jina la mtu mmoja kwa wakubwa, na jina lisilo na daftari haliendi. Njozi akampigia mama yake simu. Mama hakuuliza swali hata moja. Zilisikika tu kelele za cherehani zikikatika.

"Tukingoja," akasema Rubani Mkuu, "twende nje."

Nyuma ya ofisi, chini ya kivuli cha ukuta, kulikuwa na viti viwili vya plastiki vilivyopangwa sambamba, vikitazama ukuta mtupu. Kila mwombaji alipitia hapo. Akamkalisha Njozi kushoto, akakaa kulia, akamwambia afumbe macho ampeleke popote.

Njozi akafumba. Akauliza kama mwenzake amefunga mkanda. Yule mzee, ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, akajifunga mkanda wa hewa. Mkono wa Njozi ukapita mahali pa swichi moja baada ya nyingine bila kugongana na kitu, kama mtu anayetafuta glasi ya maji nyumbani kwake gizani. Ukuta ukaanza kurudi nyuma. Ukaondoka. Kelele za feni zikawa injini, na karakana ikateremka chini yao, bati zake zikimeremeta, kisha barabara, kisha kamba za nguo na mashuka meupe yakiwapungia. Wingu likawapokea. Ndani ya wingu hakuna juu wala chini, na wengi hapo ndipo huanza kubishana na vipimo. Njozi hakubishana.

"Injini imezima," Rubani Mkuu akasema kwa upole, kama anayeomba chumvi.

Njozi akashusha pua ya ndege. Kisha, kwa pumzi mbili nzima, hakufanya kitu kingine chochote. Halafu mkono ukaanza kazi, bila haraka. Walitua kwenye shamba lililovunwa, wakiyumba kidogo. Mzee alifungua macho. Hakukumbuka aliyafumba saa ngapi.

Saa sita na nusu mama akashuka kwenye pikipiki, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, daftari limefungwa kwenye kipande cha kitenge. Rubani Mkuu akalisoma kama mtu anayesoma barua ya mpenzi, doa kwa doa. Hakujali sana safu ya saa. Alifuatisha kidole kwenye yale maneno ya pembeni.

"Umeandika 'nimegeuza njiani' mara kumi na moja."

"Hali ya hewa haikunipendeza."

"Mwombaji wa jana ana saa nyingi kukushinda. Hajawahi kugeuza njiani hata siku moja." Akafunga daftari. Njozi akamuuliza, kwa sababu nyumbani angeulizwa, kama shahada imesaidia. Mzee akafikiri kwa haki. Akasema kwenye fomu ya wakubwa kuna kisanduku cha elimu, na sasa kina alama ya vema; pia inaonyesha kwamba ameweza kumaliza jambo refu linalochosha, na safari nyingi ni hivyo. Akaenda kupeleka jina.

Jumapili mjomba akajaza sebule: majirani, walimu wastaafu wawili, na kijana wa mtaa wa pili aliyeletwa apate mfano. Akasimama akaeleza njia ya elimu tangu chekechea hadi mawinguni, akigonga meza kwenye kila mhuri. Kisha akamgeukia mpwa wake, ambaye alikuwa anatazama dirishani, akamwomba awaambie wazee wetu hawa, kwa maneno yake mwenyewe, ni kitu gani hasa katika chuo kile kitukufu kilichomfanya achaguliwe yeye na si mwingine.

Alimwita mara nne.

"Abee, mjomba. Walikuwa hawana mtu wa zamu ya kesho."